Kuandaa fowili ya safari za porini: anza chini ya gari, kunyanyua kuje mwisho

Malalamiko ni yale yale kila masika. Gari limenyanyuliwa inchi tatu, lina matairi makubwa, keria na taa nane juu, na bado limevutwa kwa trekta njia ya Kibiti kwenda Mloka. Au limerudi Dar salama, wiki mbili baadaye difu (boksi la gia lililo kwenye eksili) inaanza kulia, na fundi akifungua, oili inatoka nyeupe kama chai ya maziwa.

Kinachoharibu karibu kila mara ni mpangilio wa kazi. Hela inaanza na vinavyoonekana, halafu inaisha kabla ya kufika chini ya uvungu. Fuata hatua hizi kwa namba zake. Ukikwama kwa bajeti hatua ya 5, simama hapo. Gari lililoishia hatua ya 5 litakufikisha mbali kuliko lililoruka moja kwa moja hadi ya 7.

Mwongozo huu ni wa fowili, yaani magari yanayosukumwa na magurudumu yote manne, yenye chasisi (fremu ya chuma iliyo mbali na bodi) na gia ndogo: Hilux, Prado, Land Cruiser, Patrol, Jimny, Defender ya zamani. Kama lako ni RAV4 au jamaa zake, hatua za 1, 4, 5 na 10 zinakuhusu. Nyingine achana nazo.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Jeki ya nguvu na stendi mbili za chuma. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja.
- Spana ya kupima nguvu ya kukaza. Mafundi wengi hawana. Azima au nunua.
- Oili ya difu 80W-90 yenye alama GL-5, na oili ya giaboksi na transifa (boksi linalogawa nguvu mbele na nyuma) kama kitabu cha gari kinavyosema. Kwa Prado au Hilux ya manyu (gia za kukanyaga klachi), lita 8 hadi 10 kwa jumla hutosha.
- Grisi ya lithiamu namba 2 na pampu yake.
- Mpira wa mafuta wenye tundu la milimita 8, mita 10, klampu ndogo, na filta mbili ndogo za petroli za plastiki.
- Geji ya upepo inayosoma vizuri chini ya psi 20, na kompresa ya kufunga kwenye betri. Zile ndogo za kuchomeka kwenye tundu la sigara huungua tairi la pili.
- Kamba au mkanda wa kuvutia wenye lebo ya uzito, shekeli (pingu za chuma za kuungia kamba) mbili za milimita 19, koleo, na ubao mnene wa kuwekea jeki.
- Kamba za kuzibia tairi la tyubulesi, na sindano zake.

Vingi vya hivi utavipata Kariakoo na Gerezani kwa asubuhi moja. Oili nunua yenye kizibo ambacho hakijaguswa, na udai risiti.

Hatua ya 1: Kagua kilichochoka

Nyanyua gurudumu la mbele mpaka lining'inie. Lishike juu na chini, ulitikise. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki na utikise tena. Mchezo ukipotea, bearingi ya gurudumu ndiyo imelegea. Ukibaki, ni boljointi. Kisha shika kushoto na kulia: mchezo wa upande huo unatoka kwenye tairodi au kwenye stelingi yenyewe.

Zungusha propela shafti kwa mkono, huku na huku. Krosi (kiungo cha mwisho wa propela) ikiwa nzima haitoi mlio wala haichezi. Angalia raba za siivii jointi (viungo vinavyozungusha magurudumu ya mbele). Ikiwa na mpasuko hata mdogo, mchanga wa Kigamboni utaingia safari ya kwanza na jointi haitafika mbali.

Chasisi ipige kwa nyundo ndogo, hasa juu ya eksili ya nyuma na kwenye pembe ambako tope hujikusanya. Chuma kizima hulia. Kilicholiwa hutoa sauti ya kufa, na wakati mwingine nyundo inazama. Gari lililotumika sehemu za Japani zenye theluji, Hokkaido kwa mfano, huenda limekula chumvi ya kuyeyushia barafu miaka mingi kabla ya kushuka bandarini, hata kama bodi inang'aa.

Jaribu na fowili yenyewe. Tafuta barabara ya vumbi, weka H4 (fowili kwa gia kubwa), nenda mita 100, halafu simama uweke L4 (fowili kwa gia ndogo). Taa ya dashibodi iwake na kutulia. Ikipepesa bila kutulia, mota au swichi imeganda, kawaida kwa sababu gari limezunguka Mwenge na Posta miaka mitano bila kuguswa ile gia. Usifanye jaribio hili kwenye lami kavu: kwa fowili isiyo na difu ya katikati, magurudumu ya mbele na ya nyuma hayapishani kwenye kona, na mfumo mzima unajikaza mpaka kitu kikatike.

Chochote kilichokutwa kimechoka kibadilishwe sasa. Kunyanyua gari huongeza pembe za jointi zote, na iliyokuwa imebakiza miezi sita itakufa ndani ya wiki.

Hatua ya 2: Badilisha oili zote za chini

Sheria moja tu, na kila siku inavunjwa: legeza kwanza nati ya kujazia, ya juu, kabla ya kugusa ya kumwagia. Ukimwaga oili halafu nati ya juu ikagoma, gari limelala gereji likiwa tupu. Kwa Toyota nyingi utahitaji spana ya 24, na difu ya mbele mara nyingi inataka Allen ya 10.

Mwaga oili ikiwa ya moto, baada ya mwendo wa dakika 20. Chunguza sumaku ya nati ya kumwagia. Uji laini wa kijivu ni kawaida. Vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha ni meno ya gia, na hapo kazi imebadilika.

Jaza mpaka oili ianze kuchuruzika kwenye tundu la juu, gari likiwa limelala sawa. Ukiingiza kidole cha pili, ncha yake ikutane na oili palepale ukingoni. Piga grisi krosi na sehemu inayoteleza ya propela mpaka grisi mpya ianze kuchungulia.

Hatua ya 3: Pandisha vipumuo vya difu

Kazi ya saa tatu, vifaa vya bei ndogo, na ndiyo inayosahaulika kuliko zote.

Difu ikifanya kazi inapata moto, na hewa ndani yake inapanuka. Kuna kipumuo kidogo juu ya eksili cha kuitoa. Sasa fikiria umetoka kwenye rasta (mawimbi ya barabara ya vumbi) za kilomita 60, difu haishikiki, unaingia mtoni. Maji ya baridi yanaigusa, hewa ya ndani inasinyaa ghafla, na difu inavuta. Kipumuo kikiwa chini ya maji, au kimezibwa na tope kama vingi vilivyo, difu itavuta kupitia oili sili. Inavuta maji. Hapo ndipo chai ya maziwa inapoanzia.

1. Safisha eneo la kipumuo kwa brashi na dizeli kabla ya kukifungua, la sivyo uchafu unadondokea ndani.
2. Kifungue, kipeleke dukani kama sampuli, upate nipeli yenye uzi uleule na mkia wa kuvalisha mpira. Usikisie kwa macho. Uzi usiofanana utaharibu tundu la eksili.
3. Funga nipeli, valisha mpira, kaza klampu.
4. Pitisha mpira kwenye chasisi, mbali na ekzosi. Acha ulegevu wa kutosha: eksili hushuka sana gari likiwa limening'inia, na mpira uliofungwa kwa kubana utachomoka shimo la kwanza.
5. Mwisho wa mpira uwe juu: wa mbele karibu na ukuta wa injini, wa nyuma ndani ya bodi nyuma ya taa. Valisha filta ya petroli.
6. Rudia kwa giaboksi na transifa kama vipumuo vyake viko chini.

Umefanikiwa vipi? Puliza hewa kwa mdomo kwenye filta, kisha ondoa mdomo. Utasikia pumzi inarudi taratibu. Isiporudi, kuna mahali inavuja. Isipoingia kabisa, mpira umekunjika.

Hatua ya 4: Matairi, na zaidi ya matairi, upepo

Kwa mtu anayeishi Dar na kwenda porini mara moja kwa mwezi, chukua matairi ya njia zote. Yale ya tope yenye meno makubwa yanapiga kelele, yanateleza kwenye lami yenye mvua, na siku 27 za mwezi uko kwenye foleni ya Morogoro Road.

Usikimbilie ukubwa. Kutoka 265/70R17 kwenda 285/70R17 kipenyo kinaongezeka milimita 28. Uvungu unapanda nusu yake tu, milimita 14. Kwa hizo 14, spidi yako halisi inakuwa juu kuliko geji kwa takriban asilimia 3.5, na tairi linaweza kugusa bodi ukikata usukani mpaka mwisho. Soma pia tarakimu nne za mwisho za namba inayoanza na DOT kwenye ubavu: 2322 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2022. Tairi kuukuu la mtumba, hata lenye meno marefu, ubavu wake umekauka, na ubavu ndio unaofanya kazi ukipunguza upepo.

Viwango vya kuanzia kwa gari la ukubwa wa Prado lenye mizigo ya kawaida:

- Lami: kama kibandiko cha mlangoni kinavyosema, mara nyingi psi 29 hadi 36.
- Vumbi na rasta: 26 hadi 28.
- Udongo wa mbuga, ule mfinyanzi mweusi, ukiwa umelowa: 20 hadi 22.
- Mchanga wa pwani: 16 hadi 18.

Jimny ni jepesi; lenyewe linaweza kushuka zaidi kidogo. Kwa gari zito usipite chini ya 15, kwa sababu tairi linaweza kung'oka kwenye rimu ukikata kona. Ukiwa na psi 18, usizidi kilomita 40 kwa saa, na usikate usukani kwa ghafla.

Tairi laini halipanuki sana upande, linarefuka. Alama yake ardhini inakuwa ndefu, uzito unasambaa, gari linapanda juu ya mchanga badala ya kuchimba. Dereva anayekwama kwenye fukwe za Kimbiji, mara tisa kati ya kumi, ana psi 35 na mguu mzito. Na kama huna kompresa ya kurudishia upepo, usipunguze. Kurudi mjini kwenye lami na psi 17 kunapasha ubavu moto mpaka unapasuka.

Hatua ya 5: Sehemu za kuvutia

Angalia chini ya bampa ya gari lako lililotoka Japani. Kuna kulabu nyembamba au vitanzi vya bati nene. Vingi vya hivyo viliwekwa kwa ajili ya kufungia gari lisitembee melini. Havikuundwa kuling'oa gari la tani mbili na nusu kutoka kwenye tope linalonyonya. Vikikatika vinaruka kama risasi. Tufe la chuma la kuvutia trela nalo lisitumike kabisa kuvishia kamba. Watu wamekufa nchi mbalimbali kwa jambo hilo.

Weka vishikio vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo, viwili mbele na angalau kimoja nyuma, vifungwe kwenye chasisi kwa bolti mbili au zaidi zenye alama 8.8 au 10.9 kichwani. Kuchomea bamba la chuma mtaani na kulitegemea ni kamari. Joto la kuchomea hudhoofisha chasisi pembeni mwa mshono, na huwezi kuliona hilo kwa macho.

Shekeli ya milimita 19 hubeba tani 4.75 kikazi, sharti iwe imeandikwa. Isiyoandikwa ni pambo. Pini ikaze mpaka mwisho kisha irudishe robo mzunguko, isije ikagoma kufunguka baada ya kuvuta.

Kamba inayovutika ni ya gari kuling'oa jingine kwa mwendo. Mkanda usiovutika ni wa kuvuta taratibu, au wa winchi. Ukiruka na mkanda usiovutika, kitu kitakatika. Watazamaji wote wakae mbali, mara moja na nusu ya urefu wa kamba, na pale mtaani kwetu hilo ndilo gumu kuliko kazi yenyewe.

Winchi? Zidisha uzito wa gari lililojaa mara 1.5. Gari la kilo 2,800 linataka kilo 4,200, yaani winchi ya ratili (lb) 9,500. Ivute injini ikiwa inaunguruma, kwa vipindi, maana inakula mamia ya ampea na betri ya kawaida haivumilii.

Hatua ya 6: Piga hesabu ya uzito kabla ya springi

Watu hununua springi kwa kuuliza "inanyanyua inchi ngapi?" Uliza inabeba kilo ngapi.

Bampa la chuma ni kilo 50 hadi 70, winchi karibu 40. Maji lita 40 ni kilo 40, dizeli ya akiba lita 40 ni kilo 34 hivi. Ongeza keria, hema, friji, tairi la pili la akiba, na watu wanne. Linganisha jumla na uzito wa juu ulioandikwa kwenye kitabu cha gari. Wengi hugundua wameupita kabla hawajapakia unga.

Vizito vikae chini na katikati, si juu ya keria. Kila kilo juu inalifanya gari lilale zaidi kwenye kona na mteremko.

Hatua ya 7: Sasa nyanyua

Milimita 50, basi. Zaidi ya hapo, kwenye gari lisilo na eksili nzima mbele, unahitaji wishiboni (mikono inayoshika gurudumu) za juu mpya na mambo yanayofuatana nazo.

Kabla ya kufungua chochote, pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi, pembe zote nne, uandike. Bila namba hizo hutajua ulinyanyua kiasi gani, wala kama upande mmoja umelala.

Badilisha springi pamoja na shokapu zinazolingana nazo. Spesa za kuweka juu ya springi za zamani zinasukuma gari juu bila kuongeza nguvu ya kubeba, na shokapu fupi zinafikia mwisho wake kwenye kila shimo.

Kosa kubwa la gereji liko hapa: bolti za busha hukazwa gari likiwa limening'inia kwenye jeki. Likishuka, raba ya busha inakaa imejipinda muda wote, na baada ya miezi michache imechanika. Bolti zikaze nusu, shusha gari lisimame kwa miguu yake, litikise, kisha kaza hadi mwisho.

Baada ya hapo:

- Ning'iniza magurudumu, kata usukani kushoto na kulia mpaka mwisho, na uangalie paipu za breki. Ikiwa imenyooka kama uzi, weka ndefu.
- Kwenye Hilux na Prado nyingi za zamani kuna valvu ya breki iliyoungwa na eksili ya nyuma kwa fimbo. Gari likinyanyuliwa, valvu inadhani halina mzigo na kupunguza breki za nyuma. Fimbo irekebishwe kwa kiasi kilekile cha kunyanyua.
- Nenda kwenye alaimenti siku hiyohiyo.
- Shusha mwanga wa taa kubwa, la sivyo unapofusha madereva wote wa Bagamoyo Road.
- Ijulishe kampuni ya bima. Dai linaweza kukataliwa kwa mabadiliko ambayo hayakutajwa.

Hatua ya 8: Hewa na maji

Snokeli, bomba la kuvutia hewa linalopanda hadi juu ya gari, haifanyi gari kuwa mtumbwi. Inapandisha tu mdomo wa injini, na haina faida kama maungio yake yanavuja. Jaribu: injini ikiunguruma polepole, ziba mdomo wa snokeli kwa ubao wenye raba. Injini ianze kukosa pumzi na kuzimika ndani ya sekunde chache. Ikiendelea kama kawaida, inavuta hewa kwingine, na mtoni itavuta maji hapohapo. Tafuta uvujaji kwenye kava la eya klina na kwenye klampu.

Kabla ya kuvuka, tembea kwa miguu na fimbo, isipokuwa kama pana mamba, na Rufiji pana mamba. Hapo usitembee, subiri au rudi. Ingia kwa L4, gia ya pili, mwendo wa mtu anayetembea haraka. Turubai lililofungwa mbele ya grili hupunguza maji yanayofika kwenye feni, ambayo ikipiga maji kwa kasi inaweza kupinda mbele na kutoboa rejeta.

Injini ikizimika ndani ya maji, usipige stata. Maji hayabanwi kama hewa. Ukiizungusha, koni rodi zinapinda. Vuta gari nje kwanza, fungua plagi au nozeli, ndipo uzungushe kutoa maji.

Hatua ya 9: Jaribio la nusu siku

Nenda Kisarawe kwa njia ya Pugu, tafuta vumbi na mteremko, urudi. Kilomita 60 hadi 100 zinatosha. Ukifika nyumbani, kaza upya nati za magurudumu na bolti za springi kwa kipimo cha kitabu, kisha rudia baada ya kilomita 500. Gusa kila habu kwa mgongo wa mkono: zote ziwe na joto la kufanana. Moja ikiwa ya moto kuliko wenzake, breki inashika au bearingi imekazwa mno.

Hatua ya 10: Ukirudi

Eya klina ipulizwe kutoka ndani kwenda nje, kwa upepo mdogo. Kuigonga chini kunachana karatasi, na vumbi la Mloka linaenda moja kwa moja kwenye silinda. Kama ulivuka maji juu ya habu, legeza nati ya chini ya difu asubuhi, gari likiwa limelala usiku kucha. Maji ni mazito kuliko oili, hivyo matone ya kwanza yatakuambia.

Kisha osha uvungu, hasa kama umetoka ufukweni. Hapa pana mtego wa Dar: sehemu nyingi za kuoshea magari hutumia maji ya kisima, na visima vingi vya karibu na pwani vina chumvi. Unalipa ili wakuongezee kutu. Onja tone kwa ulimi kabla hawajafungua pampu. Yakiwa na chumvi, nenda kwingine au osha nyumbani kwa maji ya bomba, dakika 20 za uvungu peke yake, ukiingiza mpira kwenye matundu ya chasisi mpaka maji yatoke safi.

Usipake oili chafu ya injini kuzuia kutu, hata kama kila mtu pale gereji anafanya hivyo. Inavimbisha raba za busha ulizobadilisha juzi, na inashika vumbi. Tumia nta ya kupulizia chasisi, uvungu ukiwa umekauka kabisa.

Mwisho wa kuosha, endesha mita 500 ukikanyaga breki mara kadhaa zikauke. Ukipaki, usivute breki ya mkono usiku huo. Weka gia na jiwe nyuma ya tairi. Chumvi na unyevu ndani ya ngoma ya breki hugandisha viatu vyake kufikia asubuhi.